Matembezi ya urithi ya wanafunzi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar: tathmini ya mwalimu wa historia

Shule yetu ya Dar es Salaam iliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili Unguja kwa matembezi ya nusu siku katika Mji Mkongwe, chini ya waongozaji wa kampuni ambayo sitaitaja, kwa sababu mengi nitakayoyalalamikia hapa ni mazoea ya waongozaji wengi na si ya kampuni hiyo peke yake. Ninaandika kwa ajili ya walimu na kamati za wazazi wanaofikiria kulipia matembezi ya namna hii. Maoni yangu kwa ujumla ni kwamba njia inayofuatwa ni nzuri, majengo yenyewe ni darasa ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifikia, lakini masimulizi yanayoambatana nayo yametungwa kwa ajili ya mgeni anayetaka kushangazwa kwa saa chache kabla ya kurudi hotelini. Mwanafunzi aliyevuka bahari kuja kusoma anastahili kuonyeshwa jinsi tunavyojua tunayoyajua, na hapo ndipo huduma hii inapopwaya.

Wakati wa kufanya ziara kama hii ni mwafaka. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo limeingia katika mtaala mpya wa sekondari, linafundishwa kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza mwanafunzi anaweza kusimama mbele ya jengo, akasikiliza maelezo, akauliza swali na baadaye akaandika ripoti yake yote kwa lugha moja. Kwa hiyo mwalimu anayepanga ziara aseme mapema kwamba anataka mwongozaji atakayezungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Wa kwetu alikuwa mtu wa Unguja mwenye Kiswahili kitamu, lakini alikuwa amezoea kuwahutubia Wazungu kiasi kwamba tarehe zote, majina ya mitindo ya ujenzi na hata mizaha yake vilimtoka kwa Kiingereza, kisha akarudi nyuma kutafsiri. Baada ya kuombwa kwa upole alibadilika, na tangu hapo mambo yakaenda vizuri zaidi.

Matembezi yalianzia Darajani, na huo ni uchaguzi wa busara ambao ninaupongeza. Kampuni nyingi huanzia Forodhani kwa kuwa kuna mandhari ya bahari, ilhali mwanafunzi anayeanzia Darajani anaelewa mara moja umbo la mji. Mji Mkongwe umekaa katika ncha ya ardhi upande wa magharibi wa kisiwa, na zamani ulitenganishwa na Ng'ambo, yaani sehemu ya mji iliyo upande wa pili, kwa mkono wa bahari uliokuwa ukijaa na kukupwa, ambao baadaye ulifukiwa. Barabara ya Benjamin Mkapa inapita pale ulipokuwa mkono huo. Mwongozaji aliwasimamisha wanafunzi kando ya barabara, akawaambia wafikirie maji badala ya magari, kisha akawauliza kwa nini eneo lile linaitwa Darajani ilhali hakuna daraja. Jibu lilipatikana bila yeye kulitoa. Hiyo ilikuwa dakika nzuri kuliko zote za asubuhi ile, na kama angeendelea kwa mtindo huo ningekuwa ninaandika tathmini fupi ya sifa tupu. Soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, tulilipita haraka kwa sababu ya msongamano, nami sioni ubaya wowote, kwani kundi la wanafunzi wenye mabegi mgongoni halina nafasi kati ya wauza samaki na wateja wao.

Kutoka hapo ni hatua chache tu kufika Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Hiki ni kituo kizito kuliko vingine vyote, na mwalimu asikubali kipewe muda sawa na vingine. Mambo ya msingi yanajulikana vyema: tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akiwa chini ya shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa njia ya bahari, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo, na aliyesimamia ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye ni mmoja wa watu walioandika mapema juu ya sarufi ya Kiswahili na ambaye amezikwa humohumo kanisani. Utumwa wenyewe, hata hivyo, haukuondolewa hadhi yake ya kisheria hapa Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Tofauti hiyo ya miaka 24 kati ya kufungwa kwa soko na kufutwa kwa hadhi ya utumwa ni jambo ambalo mwongozaji wetu hakuligusa kabisa, nami nililazimika kulieleza mwenyewe nikiwa nimesimama kwenye ngazi.

Ndani ya kanisa kuna vitu vya kutosha kumfundisha mtoto kutumia macho yake. Dari lake la upinde lilimiminwa kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya matumbawe, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jaribio la kijasiri. Upande wa nyuma kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, na inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini. Kuna pia msalaba uliochongwa kutokana na mti wa kule Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa. Niliwataka wanafunzi waandike katika madaftari yao safu mbili, moja ya yale wanayoyaona na nyingine ya yale wanayoambiwa. Nguzo zilizogeuzwa ziliingia katika safu ya kwanza, na safari ya askofu ikaingia katika ya pili. Zoezi hili halikuwa sehemu ya huduma tuliyoinunua, lakini ninalipendekeza kwa kila shule, kwa kuwa liliwafanya wanafunzi kuwa macho kwa muda wote uliobaki.

Lilisaidia hasa tulipoteremka kwenye vyumba vilivyo chini ya jengo la Mtakatifu Monika, jirani na kanisa. Mwongozaji alipunguza sauti, akawaambia wanafunzi kwamba watumwa walifungiwa mle wakisubiri kupigwa mnada, na akataja idadi kubwa ya watu waliokufa mle kwa kukosa hewa. Watoto walinyamaza. Tatizo ni kwamba jengo hilo lilijengwa na wamisionari kwa ajili ya hospitali yao, miaka mingi baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wametilia shaka kwa muda mrefu madai kwamba vyumba vile viliwahi kuwa mahabusi ya watumwa. Mateso ya watu waliouzwa mahali pale ni ya kweli na hayahitaji kutiwa chumvi. Mwanafunzi anayelia ndani ya chumba kisha akagundua baadaye kwamba chumba kile hakikuwapo wakati huo anaweza kuanza kutilia shaka hata yale ambayo yana ushahidi, na hasara ya namna hiyo haifidiwi na machozi ya dakika kumi.

Lililoniuma zaidi ni namna biashara yenyewe ilivyoelezwa kwa sentensi moja, kwamba Waarabu waliwauza Waafrika, basi. Katika kundi letu walikuwamo watoto ambao majina ya koo zao yanaonyesha asili ya Oman, na niliona jinsi wenzao walivyogeuza shingo kuwatazama. Hakuna anayetaka kuficha kwamba matajiri wenye asili ya Oman walikuwa na sehemu kubwa katika biashara ile. Lakini picha kamili ina mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliyohitaji mikono, ina wakulima wa miwa wa Kifaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi waliokuwa wanunuzi, ina fedha za wakopeshaji wa Kihindi, ina watawala wa bara walioshiriki kuwakamata na kuwauza watu wa makabila mengine, na ina meno ya tembo yaliyobebwa hadi pwani, ambayo mengi yalikwenda mpaka Connecticut nchini Marekani kutengenezewa vibonye vya piano. Haya yote yanaweza kuelezwa kwa dakika tano mbele ya watoto wa miaka kumi na mitano, na wanayaelewa. Bora kabisa ni kuwaacha kwanza wasome wenyewe maonyesho ya biashara ya utumwa yaliyomo katika eneo hilo, kisha ndipo mwongozaji azungumze.

Mnara wa kumbukumbu uliopo uwanjani, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs, ndicho kitu kilichofanya kazi yake bila msaada wa mtu. Watu watano wa saruji wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni, na ukiwatazama kutoka juu unajikuta umesimama mahali pa mnunuzi. Mwongozaji alitaka kueleza maana yake. Kwa bahati nzuri mwanafunzi mmoja alimwomba asubiri kidogo.

Baada ya Mkunazini matembezi yaliingia vichochoroni, na hapa ubora wa huduma ulipanda tena. Mwongozaji huyu alizaliwa katika nyumba hizi na anazijua. Alieleza kwamba kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa, na kwamba sakafu na dari hubebwa na boriti za mikoko. Kisha akatuingiza, kwa ruhusa ya mwenyewe, katika ukumbi wa nyumba moja ya wageni, akawaambia wanafunzi wapime upana wa chumba kwa hatua zao, halafu wapime urefu wake. Urefu ulitofautiana chumba kwa chumba, ilhali upana ulikuwa karibu uleule kila mahali, kwa sababu mti wa mkoko una urefu wake na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya hapo. Kwa njia hiyo mtoto anaelewa kwamba miti iliyokatwa kwenye vinamasi vya pwani ndiyo iliyoamua umbo la chumba cha tajiri, na hatalisahau. Akaonyesha pia ukuta uliochubuka, mahali ambapo fundi wa siku hizi amepiga plasta ya saruji juu ya chokaa ya zamani, akaeleza kwamba saruji huzuia ukuta kupumua, unyevu ukabaki ndani, na jiwe likaanza kuoza taratibu. Tangu hapo wanafunzi walikuwa wakinyooshea vidole kuta zote zenye viraka, tena kwa furaha ambayo wenye nyumba pengine hawakuipenda.

Milango ilichukua muda mrefu, kama inavyostahili. Wanafunzi walijifunza kutofautisha mlango wa mtindo wa zamani, wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na nakshi za maandishi, na ule uliokuja baadaye kwa ushawishi wa Bara Hindi, wenye upinde juu. Walionyeshwa miimo iliyochongwa mawimbi chini na mimea juu, na mfaa uliosimama katikati ya mbao mbili za msaji. Lakini tulipofika kwenye misumari ya shaba, mwongozaji alirudi kwenye hadithi zake za kila siku, akasema iliwekwa ili kuzuia tembo wasivunje mlango.

Binti mmoja akauliza, "Kaka, samahani, kwani Unguja kulikuwa na tembo?"

Mwongozaji akacheka, akasema, "Hapana mdogo wangu, Unguja tembo hawakuwapo. Walikuwa huko India."

"Kwa hiyo hapa ni pambo?"

"Hapa ni pambo. Na kuonyesha kuwa mwenye nyumba anazo."

Jibu la pili lilikuwa bora mara kumi kuliko maelezo ya kwanza, kwa kuwa lilifungua mlango wa kuzungumzia mafundi na wafanyabiashara waliovuka kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi, pamoja na mitindo waliyokuja nayo. Alilijua jibu hilo tangu mwanzo. Kwa nini basi halikutangulia? Nadhani ni kwa sababu tembo huwachekesha wageni na huleta bakhshishi, na mtu aliyesimulia jambo lilelile kila siku kwa miaka mingi huacha kujisikiliza. Hadithi ya mnyororo uliochongwa kwenye fremu ni ya aina hiyohiyo: aliwaambia wanafunzi kwamba ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa, bila kutaja kwamba wengi huufasiri kuwa ni ishara ya ulinzi wa nyumba. Mwanafunzi anayebeba tafsiri ya kwanza peke yake atapita katika mitaa ya Mji Mkongwe akiwahukumu wakaaji wake kwa mapambo ya milango yao.

Jambo dogo la adabu niliseme hapahapa. Vichochoro vya Kiponda na Hurumzi ni mahali ambapo watu wanaishi, na wazee hukaa kwenye mabaraza nje ya nyumba zao. Kundi la kwanza lilipita bila salamu kwa sababu mwongozaji alikuwa anaharakisha. Nilisimamisha la pili, tukaanza kwa shikamoo, na sura za mtaa zikabadilika. Mzee mmoja aliitikia, "Marahaba wanangu, karibuni," kisha akawaambia wasipite upande ule kwa kuwa kuna pikipiki zinakuja. Pikipiki katika njia zile ni hatari ya kweli, tena kwa watoto waliozoea barabara pana. Walimu wawe wawili kwa kila kundi, mmoja mbele na mwingine nyuma.

Bafu za Hamamni, zilizojengwa katika enzi ya Barghash kwa mtindo wa Kiajemi, zinavutia kwa dakika chache, na hatukukaa zaidi ya hapo.

Upande wa bahari ndio wenye majengo makubwa, na ndio uliofanyiwa kazi kwa pupa kwa kuwa muda ulikuwa umeshaliwa. Ngome Kongwe ingeweza kuwa somo zima. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali ambapo Wareno walikuwa na kanisa, kisha kwa nyakati tofauti ikawa gereza, ikawa karakana ya reli, ikawa uwanja wa tenisi wa mabibi wakati wa ukoloni, na leo ina ukumbi wa wazi ambamo hufanyika matamasha. Kila utawala ulilitumia jengo lilelile kwa haja yake. Sisi tulipewa dakika za kununua maji na kupiga picha.

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mapokezi, tulilitazama kutoka nje. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki, na mwalimu ambaye hajafika Unguja kwa miaka kadhaa asiwaahidi wanafunzi kwamba watapanda ngazi zake. Hata hivyo jengo lililojeruhiwa lina mengi ya kufundisha, na ninasikitika kwamba mwongozaji aliliona kama aibu ya kupitwa haraka. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Nguzo zake za chuma na sakafu za zege zilikuwa teknolojia mpya iliyounganishwa na kuta za matumbawe. Waingereza waliligeuza kuwa ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi lilitumiwa na chama cha Afro-Shirazi. Halafu likawa makumbusho. Wanafunzi waliokuwa wamejifunza habari za unyevu, saruji na chokaa saa moja tu kabla ya hapo walikuwa tayari kabisa kuuliza kwa nini jengo kama hili huanguka na ni nani anayepaswa kulitunza. Swali hilo waliliuliza, ila waliniuliza mimi ndani ya boti tukirudi.

Habari za vita kati ya Uingereza na Zanzibar ya tarehe 27 Agosti 1896 zilisimuliwa kwa ustadi, ingawa kwa mzaha uliozidi kiasi. Ni kweli kwamba vita ile ilidumu kama dakika 40 tu na kwamba hutajwa kuwa fupi kuliko zote duniani, na ni kweli kwamba watoto hucheka wanapoambiwa. Wachache hukumbushwa kwamba waliouawa au kujeruhiwa upande wa kasri walikadiriwa kufikia mamia, na kwamba Beit al-Hukm, jumba lililokuwa kati ya Beit al-Ajaib na Beit al-Sahel, liliharibiwa kabisa, ndiyo maana leo kuna bustani pale. Kwa wanafunzi wa Dar es Salaam kulikuwa na kiungo ambacho kingewagusa: Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitangaza sultani, alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam, ambako aliishi hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Mji wao umo ndani ya hadithi, nao waliambiwa kana kwamba inawahusu watu wengine.

Makumbusho ya Kasri, yaani Beit al-Sahel, hayakuwa katika kifurushi tulichonunua, na ninashauri shule ziombe yawemo hata ikibidi kuacha kitu kingine, hasa kwa ajili ya habari za Salme binti Said, binti wa sultani aliyezaliwa mwaka 1844 na kuhamia Ujerumani. Kutoka hapo kuelekea Malindi kuna Zahanati Kongwe ya Tharia Topan, iliyokamilika mwaka 1894, yenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi wa Kihindi. Mwanafunzi akiilinganisha na Ngome hahitaji kuambiwa kwamba mji huu ulijengwa na mikono ya watu wa asili nyingi, anaona.

Kuna pengo moja kubwa ambalo haliwezi kuelezwa kwa uchache wa muda. Masimulizi yote yaliruka kutoka kwa masultani hadi kwa watalii, kana kwamba hakuna kilichotokea katikati. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalitajwa kwa sentensi moja, ilhali hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilibadilisha wenyewe, kwa nini familia zilizohamia kutoka Ng'ambo na Pemba ziliishi katika majumba yaliyojengwa kwa ajili ya matajiri, na kwa nini matengenezo yalikwama kwa miaka mingi hadi juhudi za hifadhi zilipoanza katika miaka ya 1980 na hatimaye mji kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ninafahamu kwamba jambo hili lina majeraha na kwamba mwongozaji anaogopa kuonekana anaegemea upande fulani. Hata hivyo, mwanafunzi anayesoma historia ya Tanzania akiwa amesimama mita chache kutoka Ng'ambo na asisikie neno juu ya Ng'ambo amepewa nusu ya mji.

Kwa upande wa huduma zenyewe, kampuni ilifanya kazi yake. Walitupokea bandarini kwa wakati, vitambulisho vyao walivionyesha bila kuulizwa, na papasi, yaani vijana wanaowaandama wageni kuwauzia huduma, waliotufuata kutoka getini waliondolewa kwa adabu. Bei ilionekana nafuu mpaka tulipogundua kwamba viingilio vya kanisa na maonyesho vilikuwa nje yake, kwa hiyo ombeni hesabu iliyoandikwa inayotaja kila kiingilio, na mkumbushe kwamba ninyi ni raia na ni wanafunzi. Kundi la watu arobaini haliwezi kusimama katika kichochoro na wote wakasikia. Sisi tuligawanywa mara mbili, na hata hapo wa nyuma walikosa nusu ya maelezo. Watu kumi na watano kwa kila mwongozaji ndio wanaofaa. Vyoo ni vichache njiani, kivuli hakipo upande wa bahari baada ya saa tano, na siku ya Ijumaa iepukwe kabisa, kwa kuwa adhuhuri mitaa ya misikiti hujaa waumini na si haki kuwapitishia kundi la watoto miguuni. Nguo za heshima zinahitajika siku zote, na sare ya shule inatosha.

Kwa yote hayo ningeyapa matembezi haya alama sita kwa kumi kama yanavyouzwa, na nane kwa shule ambayo mwalimu wake atayaandaa mwenyewe wiki mbili kabla, kwa kuwapa wanafunzi ramani, zoezi la safu mbili na maswali yao. Shule ya msingi nisingeileta Mkunazini kwa utaratibu uliopo sasa. Ningeianzisha vichochoroni kwenye boriti na milango, nikamalizia Ngome Kongwe.

Tumeshaiandikia kampuni kuhusu kundi la mwaka ujao. Tuliomba mambo manne: makundi madogo, saa nzima Mkunazini bila simulizi za vyumba vya chini, matembezi mafupi ya kuvuka barabara kuingia Ng'ambo, na kuondolewa kwa kituo cha Shangani ambako wanafunzi husimama kupiga picha mbele ya nyumba inayohusishwa na utoto wa mwanamuziki Freddie Mercury, kwa sababu kinakula muda ambao Ngome inauhitaji. Walikubali matatu ya kwanza bila kuongeza bei. La nne walilikataa, wakieleza kwamba kituo hicho ndicho kinachoulizwa zaidi na wanafunzi wenyewe, na nilipowauliza wa kwangu, karibu wote walinyoosha mikono kukitetea.